Adrien Atiman, Daktari na Katekista wa Karema

Mto upitao mbele ya Yanonge huleta maji ya nchi nyingi. Sehemu ya maji hayo yatoka mbali sana upande wa mashariki, katika ziwa Tanganyika. Hutoka ziwani kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, huanguka katika maporomoko ya Wagenia pale Kisangani, ndipo hufika Yanonge na kushuka kwenda Isangi. Kando ya ziwa hilo, ng'ambo ya Kongo, katika nchi iitwayo leo Tanzania, kuna misioni ya zamani jina lake Karema. Hapo aliishi mtu mmoja ambaye yafaa kila mkatekumeni ajue habari zake. Jina lake lilikuwa Adrien Atiman. Alikuwa daktari, alikuwa katekista, tena alikuwa baba wa nyumba. Aliifanya kazi yake mahali pamoja kwa muda wa miaka 67.

MTOTO ALIYEUZWA

Atiman hakuzaliwa karibu na ziwa Tanganyika. Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi ya Mali, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Zamani hizo biashara ya watumwa ilikuwa bado yaharibu nchi nyingi za Afrika. Angali mtoto mdogo, Watuareg walimkamata, wakamtenga na baba na mama yake. Hakuwaona tena maisha yake yote.

Wakamchukua katika jangwa la Sahara. Jangwa hilo ni mchanga na mawe, siku baada ya siku, bila mto wala kivuli. Mtu aliyezoea msitu na maji ya Kongo hawezi kuiwaza vizuri safari ile. Watumwa wengi walikufa njiani kwa kiu na uchovu. Mtoto Atiman hakufa. Alifikishwa Metlili, kusini mwa Algeria, na huko mwaka 1876 Mapadri Weupe wakatoa fedha, wakamkomboa.

Tuliangalie jambo hili vema, kwa maana litatusaidia kuyafahamu yatakayofuata. Kabla mtoto huyu hajajua kusoma wala kuhesabu, watu walikwisha kumpangia bei. Walimtazama kama mtu atazamavyo mbuzi sokoni, wakasema atoe kiasi gani. Mapadri nao walilipa, lakini baada ya kulipa walimwacha huru. Hapo ndipo alipoanza kuhesabiwa kuwa mtu, wala si mali.

SHULE NA UBATIZO

Mapadri Weupe walikuwa shirika changa. Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliliunda mwaka 1868. Baadaye, mwaka 1882, yeye mwenyewe alifanywa Kardinali. Lavigerie alichukia sana biashara ya watumwa, na mwaka 1888 alizunguka Ulaya akihubiri juu ya ubaya wake, ili wakubwa na watu wote waione aibu hiyo na kuikomesha.

Watoto waliokombolewa walitunzwa, wakafundishwa kusoma, kuandika na kufanya kazi. Walifundishwa pia dini, lakini hawakubatizwa kwa haraka. Lavigerie hakupenda haraka katika jambo la ubatizo. Aliagiza wamisionari wake katika Afrika wawafundishe watu muda wa miaka 4 kabla ya kuwabatiza, ili kila mmoja ajue anachoacha na anachopokea. Enyi wakatekumeni, mkiona muda wa kungoja ni mrefu, kumbukeni kwamba wengi waliowatangulia walingoja vivyo hivyo. Atiman naye alifundishwa miaka kadhaa, kisha akabatizwa akiwa kijana, akapewa jina la Adrien.

MALTA

Lavigerie alikuwa na shauri moja ambalo wengine waliliona geni. Aliona kwamba mmisionari aliyetoka Ulaya huonekana mgeni kila afikapo. Lakini daktari hupokelewa katika kila nyumba, kwa sababu ugonjwa haubagui kabila. Tena daktari aliye Mwafrika, aliyeoa na kuishi kama watu wa nchi, aweza kuwafikia wale wasiofikiwa na padri. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, katikati ya bahari iitwayo Mediteranea. Akachagua vijana katika wale waliokombolewa utumwani, ili wafundishwe uganga wa kisasa, wawe madaktari na makatekista pamoja.

Lavigerie aliogopa jambo moja. Aliogopa kwamba vijana hawa wakizoea maisha ya Ulaya, nguo za Ulaya na chakula cha Ulaya, watashindwa kukaa tena kijijini, na elimu yao itakuwa ya kujitafutia faida tu. Kwa hiyo alitaka waendelee kuishi kwa namna ya Kiafrika, bila makuu. Wengine leo wanaweza kuona shauri hilo lilikuwa kali. Hata hivyo hofu yake haikuwa ya bure. Kila siku tunaona jinsi elimu iwezavyo kumtenga mtu na watu wake.

Adrien Atiman alichagua masomo ya uganga, akayasoma kwa bidii. Alijifunza viungo vya mwili, magonjwa, dawa, na kupasua. Mwaka 1888 alimaliza, akapata cheti chake. Alikuwa kijana wa miaka 22 au karibu na hapo.

NJIA MBILI

Hapo ndipo kijana husimama penye njia panda. Kijana huyu alikuwa na ujuzi ambao watu wachache sana katika Afrika yote walikuwa nao wakati ule. Alijua lugha ya Kifaransa. Hakuwa na baba wala mama wa kumtegemea, wala mjomba wa kumdai. Katika miji ya pwani za Afrika kulikuwa na wafanya biashara, meli na maofisa wa Serikali, wote wakihitaji watu wenye elimu. Mtu wa namna hiyo angeweza kutafuta mahali pa raha, penye mshahara mzuri na nyumba ya mawe.

Adrien alijitolea kwenda misioni za ziwa Tanganyika. Hakuwa amepaona huko, wala hakujua lugha yake. Mwaka uleule wa 1888 akaondoka kwa njia ya Zanzibar. Wakati ule hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Kutoka pwani mpaka ziwani ni zaidi ya kilometa 1,000, na watu walikwenda kwa miguu katika misafara mikubwa pamoja na wapagazi. Njiani kulikuwa na homa, njaa, na vita. Mwaka 1889 akafika Karema.

Karema haikuwa mji. Wabelgiji walijenga boma hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadri Weupe. Kando ya boma hilo walikaa watu wengi waliokimbia wakamata watumwa, na watoto yatima waliokombolewa. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ilikuwako misioni ya Mpala. Huko Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, alikuwa akiwalinda watu wasitekwe. Yeye naye alikuja kwa kujitolea, bila kudai mshahara. Basi Atiman, aliyekuwa mtumwa zamani, akajikuta kati ya watu waliopatwa na yaleyale yaliyompata yeye. Hapakuwa na mtu aliyehitaji kumweleza maumivu yao.

KAZI YA KILA SIKU

Kazi ya daktari huyu haikuwa ya kuonekana katika magazeti. Asubuhi wagonjwa walikuwa wakingoja. Huyu ana kidonda mguuni kilichooza, yule ana homa, mwingine ameumwa na nyoka, na mwanamke fulani ameshindwa kujifungua. Kulikuwa na ndui, ugonjwa ambao siku zile uliua watu vijiji vizima, na ambao leo umekwisha duniani kote. Madaktari walithibitisha hivyo mwaka 1980. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1900, ukaja ugonjwa wa malale kandokando ya ziwa, watu wakafa wengi, vijiji vikahamishwa. Wazee wa Tshopo hawana haja ya kuelezwa malale ni nini, kwa sababu ugonjwa huo uliwatesa babu zao pia.

Dawa za Ulaya zilikuwa chache, na mzigo mmoja ulichukua miezi mingi kufika. Basi Atiman akafanya jambo la busara. Akawauliza wenyeji juu ya majani, mizizi na magamba ya miti waliyotumia. Akayachunguza kwa ujuzi wa shule, akayatumia yaliyofaa. Hakuyadharau maarifa ya wazee kwa sababu yeye amesoma Ulaya. Tofauti ni hii, nayo kila mkatekumeni aifahamu vizuri: jani liponyalo ni kazi ya Muumba, nalo si dhambi kulitumia. Lakini hirizi, ramli, na kumtaja jirani kuwa mchawi, hayo si dawa. Hayo huvunja nyumba na kuwafukuza yatima na vikongwe.

Atiman alipasua pia, akawaponya watu walioonekana hawana matumaini. Sifa yake ikaenea pande zote za ziwa. Aliwatibu Waafrika na wazungu, Wakristo na wasio Wakristo. Tena hakuwa daktari tu. Alifundisha dini kama katekista, na mgonjwa aliyelala karibu naye alipata dawa ya mwili na habari ya Mungu. Kwa watoto waliokaribia kufa, na kwa watu waliokuwa peke yao, yeye ndiye aliyekuwa wa karibu.

Alioa mke Mkristo jina lake Agnes, wakajenga nyumba yao hapo. Mwana wao Joseph alipokua, akawa padri. Baba aliyewahi kuuzwa kama kitu alipiga magoti kupokea baraka ya mwana wake.

MIAKA YA FEDHA

Wengine watasema: zamani hapakuwa na fedha, kwa hiyo kuchagua kulikuwa rahisi. Sivyo. Fedha ilikuja hata Karema, naye Atiman aliiona ikija. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba, na kila mtu alilazimika kutafuta senti. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma. Vijana wa Ufipa walikwenda mbali mpaka Tanga, kufanya kazi katika mashamba ya katani. Wengine walivuka kutafuta kazi ya shaba kule Katanga. Wajerumani wakaondoka, mwaka 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji wakafika, kisha Waingereza wakaitawala nchi. Kila Serikali ilijenga hospitali zake, na kila moja ilikosa watu wenye ujuzi wa dawa.

Katika mabadiliko hayo yote Atiman alikaa Karema. Misioni ilikuwa fukara, wala haikuweza kumlipa mtu kama Serikali au kampuni iwezavyo kulipa. Alikuwa na mke na mtoto, kwa hiyo tusidhani hakujua thamani ya nguo, chumvi na sabuni. Alijua. Mtu asiyejua thamani ya fedha hana sifa akiiacha. Sifa ni yake aliyeijua, akapima, akaona kuna kitu kingine kizito zaidi.

Kitu hicho kilikuwa nini? Kilikuwa kazi aliyoipenda, kati ya watu waliomhitaji, mbele ya Mungu aliyemkomboa. Mambo hayo matatu yalikutana mahali pamoja. Mtu akipenda kazi isiyomfaa mtu mwingine, hiyo ni anasa yake tu. Naye akifanya kazi iwafaayo watu huku akiichukia, atachoka upesi na kuwatendea watu kwa ukali. Lakini kupenda kwake mtu, haja ya jirani na wito wa Mungu vikipatana, kazi hiyo hubeba miaka mingi.

Baba Watakatifu na Serikali walimpa medali za heshima katika uzee wake. Alizipokea, kisha akarudi kwa wagonjwa. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka karibu 90, katika Karema ileile aliyoifikia kwa miguu akiwa kijana. Hakuacha mali ya kugombaniwa. Hata sasa nyumba ya Mapadri Weupe mjini Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake, na hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga vivyo hivyo.

MAISHA HAYA YATUFUNDISHA NINI?

Kwanza, mshahara si dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mfanya kazi anastahili posho yake, na Mtakatifu Yosefu alilisha nyumba yake kwa kazi ya mikono. Mtu asiyetaka kufanya kazi asijifiche nyuma ya jina la Atiman. Tena baba aachaye watoto wake na njaa, akisema anafuata moyo wake, huyo hafuati wito, afuata uvivu. Atiman alifanya kazi kila siku miaka 67, na nyumba yake ilikula.

Pili, mshahara mkubwa si kipimo cha mtu. Leo vijana wengi wa kandokando ya mto huacha shule, shamba na nyavu, wakaenda machimbo ya almasi na dhahabu. Mmoja hurudi na pikipiki, na kijiji chote humtazama. Wale waliorudi na kifua kibovu, au wasiorudi kabisa, hatuwahesabu. Na yule aliyebaki kufundisha watoto kusoma, au kumwosha mgonjwa katika chumba cha zahanati, watu humwona mjinga. Siku mtoto ataposhikwa na homa usiku, watatafuta mlango wa nani?

Tatu, wanaopata faida ya kazi ya mwingine wana deni. Katekista apitaye vijijini kwa mtumbwi, mwalimu akaaye mbali na kwao, muuguzi aamkaye usiku, hao hula kama watu wengine. Wakristo wasiwasifu kwa maneno matupu. Mkungu wa ndizi, samaki wa kukaushwa, siku moja ya kumlimia shamba, mchango wa kununulia madaftari ya watoto wake: hayo yote ni haki, wala si sadaka. Kijiji kinachosifu moyo wa kujitolea bila kusaidia kitampoteza mtu wake mwema, nacho hakitakuwa na sababu ya kulalamika.

Nne, mtu asichague akiwa amelewa na fedha wala akiwa na hasira ya umaskini. Mathayo aliketi katika forodha penye faida, akaitwa, akasimama. Wengine wakaitwa wakabaki katika kazi zao za kila siku, wakawa watakatifu humohumo. Mungu haiti wote kwa njia moja. Kwa hiyo kijana asali, aulize wazee wenye busara, aongee na mke wake kama ameoa, ahesabu gharama bila kujidanganya, kisha aamue. Akikwisha kuamua, asiangalie nyuma kila siku.

Atiman alipimwa bei mara moja katika maisha yake, alipokuwa mtoto asiyeweza kusema. Alipokua na kuweza kusema, hakujiuza tena. Alijitoa. Katika Ubatizo kila mmoja wetu hukombolewa kwa gharama kubwa kuliko ile iliyotolewa Metlili, naye hupewa uhuru. Uhuru huo autumie kwa kazi gani, na kwa ajili ya nani, hilo ndilo swali ambalo mkatekumeni atalijibu kwa maisha yake.

MASWALI YA KUJIBU

1. Atiman alizaliwa wapi, naye alifikaje Algeria?
2. Kwa nini Kardinali Lavigerie alitaka madaktari wawe makatekista pia?
3. Kuna tofauti gani kati ya kutumia majani yaponyayo na kutumia hirizi?
4. Kijijini kwako ni nani afanyaye kazi kwa faida ya wote na kupata kidogo? Wakristo wenzako mwaweza kumsaidia kwa njia gani kabla ya mwezi huu kwisha?